Hela za utafiti za Umoja wa Ulaya: acheni kuandikia Brussels, tafuteni mwenyeji

#1 MpwaWaUbelgiji (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Swali hili nimekuwa nikilijibu mmoja mmoja kule inboksi mpaka nimechoka, bora nilimwage hapa hadharani tukosoane.

Huwa linakuja hivi: "Kaka, nasikia Umoja wa Ulaya unatoa mabilioni ya utafiti, nitumie linki nijaze fomu." Wengine wameshaambatanisha wasifu na barua inayoanza "Kwa Mheshimiwa Kamishna". Mimi nipo ofisi ya miradi ya chuo kikuu kimoja huku Ubelgiji. Kazi yangu ni kukaa katikati ya maprofesa wanaochelewesha kila kitu na tovuti ya Tume ya Ulaya (chombo cha utendaji cha Umoja, makao Brussels) isiyomsubiri mtu. Nitasema ninayoyaona mezani, mengine mtajazia.

Hela ipo, tena nyingi. Mpango mkubwa unaitwa Horizon Europe, umeanza 2021 na unaisha 2027, na ulipitishwa ukiwa na yuro bilioni 95.5. Uliutangulia Horizon 2020 (2014 hadi 2020), uliokuwa na karibu bilioni 80. Ukirudi nyuma kabisa, mpango wa kwanza wa aina hii ulianza 1984 na bilioni chache tu. Kwa kipindi cha 2028 hadi 2034, Tume ilipendekeza Julai 2025 kiasi cha bilioni 175, ila pendekezo lazima lipite kwa nchi wanachama na Bunge la Ulaya, na huko mapendekezo huwa hayatoki salama. Hata huu wa sasa ulimegwa kama bilioni 2 na ushee mwaka 2024, bajeti nzima ya Umoja ilipopanguliwa.

Sasa wapi watu wanapotea? Hela hii haiingii kwenye akaunti ya mtu. Inaingia kwenye taasisi: chuo, hospitali, kituo cha utafiti, kampuni. Taasisi inasaini mkataba, inaajiri, inalipa, inatoa hesabu. Hata ile ruzuku yenye jina la mtu inalipwa kupitia taasisi inayompokea. Kwa hiyo unayemtafuta wewe si Kamishna. Ni profesa au maabara fulani yenye shida na ujuzi wako na iko tayari kuandika andiko (ombi la hela) pamoja nawe, au imeshapata hela na inatafuta watu.

Mpango una mafungu matatu makubwa.

La kwanza ni la sayansi yenyewe. Hapo yumo ERC, Baraza la Utafiti la Ulaya, lenye kama bilioni 16. ERC halikupangii mada. Unaleta wazo lako, wapitiaji wanaangalia wazo na mwenye wazo, basi. Anayeanza anaweza kuomba hadi yuro milioni 1.5, aliyekomaa milioni 2, mkongwe milioni 2.5, kwa miaka mitano. Uraia wako hauulizwi. Kinachotakiwa ni taasisi ya kukupokea iwe ndani ya Umoja au katika nchi yenye mkataba wa ushirika. Uğur Şahin wa BioNTech, kampuni ya Ujerumani ya chanjo ya korona, alipata ruzuku ya ERC ya wakongwe mwaka 2018 kwa kazi ya chanjo za saratani zinazotengenezwa kulingana na mgonjwa mmoja mmoja. Korona ilipoingia, ujuzi wa chanjo za mRNA ulikuwa tayari upo. Humo humo kwenye fungu la kwanza wapo Marie Skłodowska-Curie, wenye kama bilioni 6.6, wanaolipia watafiti wanaohama nchi. Hili ndilo dirisha la wengi wetu, nitalirudia.

La pili ndilo nene kuliko yote, kama bilioni 53.5: afya, nishati na tabianchi, chakula, digitali, usalama na kadhalika. Huku mada wanapanga wao. Unakuta wito (tangazo la kuomba hela) umeandikwa kabisa "tunataka mradi utakaofanya hivi na hivi, hela ni kiasi hiki". Huwezi kuingia peke yako: kwa kawaida lazima ziwepo taasisi zisizopungua tatu kutoka nchi tatu tofauti za wanachama au washirika, na walau moja iwe ya nchi mwanachama. Miradi mingi ina wabia kumi, kumi na tano, wengine zaidi.

La tatu ni ubunifu na biashara, na humo yumo EIC, Baraza la Ubunifu la Ulaya, mwenye kama bilioni 10 kwa ajili ya kampuni changa.

Na hili wengi hawalijui: taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinaruhusiwa kupewa hela moja kwa moja kwenye miradi ya ubia ya fungu la pili, kwa kuwa nchi za kipato cha chini na cha kati zimo kwenye orodha ya wanaolipwa. Mmarekani akiingia kwenye mradi kama huo, mara nyingi anajilipia mwenyewe.

Ulizeni.

#2 KichwaNgumu

Mkuu shukrani kwa somo, ila hujasema wangapi wanapata. Mabilioni ya kusoma kwenye gazeti hata mimi ninayo.

#3 MpwaWaUbelgiji

Haki yako. Kwa Horizon Europe nzima, maandiko yanayofaulu ni kama 16 kwa kila 100, wakati Horizon 2020 ilikuwa kama 12. Tume yenyewe ilikiri kwenye tathmini yake kwamba kati ya maandiko 10 yenye ubora wa hali ya juu, 7 hayapati kitu kwa sababu hela imeisha. Sizungumzii maandiko mabovu, hapana. Yaliyopita alama zote, yakaachwa.

Alama zenyewe ni hivi: ubora wa wazo, matokeo yatakayoletwa, na utekelezaji. Kila kipengele kinahesabiwa juu ya 5. Ukipata chini ya 3 mahali popote umetoka, na jumla isipungue 10 kati ya 15. Lakini ukipata 10 usifurahi, hiyo ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Mimi nimeona maandiko ya 13.5 yakirudi nyumbani.

#4 Binti_Makunduchi

Asalaam alaikum. Nipo Ujerumani mwaka wa pili kwa hela hiyohiyo ya Marie Curie, nijazie upande wa wenye uzamivu.

Kwanza sharti la kuhama. Katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kuomba, usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayotaka kwenda. Watu wanalipuuza hili. Kuna mwenzetu alimaliza uzamivu Uholanzi, akaomba palepale Uholanzi kwa profesa wake kipenzi. Nje, bila hata andiko kusomwa. Uzuri wake ni kwamba walioko nyumbani sharti hili haliwagusi, nchi zote za wanachama na washirika ziko wazi kwao.

Pili uwe na uzamivu tayari na usizidi miaka minane ya uzoefu wa utafiti baada yake. Dirisha hufunguka majira ya kuchipua ya huku na kufungwa Septemba.

Tatu, andiko. Kurasa 10 za sehemu kuu, herufi zisipungue ukubwa wa 11. Ukizidisha ukurasa, wa 11 hauonekani kabisa kwa wapitiaji, mfumo unaufuta. Kurasa 10 ni chache kuliko unavyodhani. Profesa wangu alinikatia aya nzima ya historia ya tatizo, niliyoiona ni tamu sana, akaandika pembeni: "Haya wanayajua. Waambie utafanya nini Jumatatu ya kwanza." Nikaweka mwezi wa 1 hadi wa 4 nakusanya sampuli wapi, kwa kibali cha nani, mashine gani, na zisipotosha nitafanya nini. Hapo kwenye "zisipotosha" ndipo wapitiaji walipoandika maneno mazuri.

Nne, mshahara, maana najua mnaulizia huko. Kiwango kinachotangazwa kinazidi yuro 5,000 kwa mwezi na watu wanazidisha kwa shilingi wanazimia. Tulieni. Kile ni gharama yote ya mwajiri. Humo mna mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii, mchango wako, bima ya afya na kodi. Pia kiwango hupandishwa au kushushwa kulingana na gharama za maisha za nchi: Denmark juu, Bulgaria chini. Kinachobaki mkononi ni cha kuishi vizuri na kutuma nyumbani. Cha kununua kiwanja kila mwezi, hapana. Mwenye mwenza au watoto anapata nyongeza ya familia.

Na la mwisho, msinichukie: mwaka 2024 waliomba watu 10,360. Mwaka 2025 wakaomba 17,058, bajeti ikabaki karibu palepale, kama milioni 404. Mwaka 2024 alikuwa anapata mmoja katika sita. Mwaka 2025 ikawa kama mmoja katika kumi.

#5 KichwaNgumu

17,058! Akili bandia hiyo. Kila mtu sasa anaandikiwa andiko na mashine usiku mmoja.

#6 Binti_Makunduchi

Kwa sehemu ndiyo, naamini hivyo. Lakini usisahau Marekani. Hela za utafiti kule zilipoanza kukatwa mwaka 2025, watu walianza kutazama huku. Mei mwaka huohuo Rais wa Tume, von der Leyen, alisimama Sorbonne, Paris, akatangaza milioni 500 za kuvutia watafiti, mpango wakauita "Choose Europe". Wakaribishwa ni wengi, viti vilevile.

Na kuna kanuni inayouma: andiko likipata alama chini ya kiwango walichoweka, huruhusiwi kurudi mwaka unaofuata na taasisi ileile. Kwa hiyo kujaribu bahati tu siku hizi kunakugharimu.

#7 Jaber_wa_Kisumu

Hamjambo majirani. Mimi sina uzamivu bado, nina shahada ya uzamili kutoka chuo kimoja hapa Kenya, upande wa maji. Hii hela ya Marie Curie inanifaa au ningoje?

#8 MpwaWaUbelgiji

Usingoje dada, la kwako ndilo rahisi kuliko yote na ndilo halisemwi sana.

Kuna mitandao ya mafunzo ya uzamivu, Doctoral Networks. Vyuo na kampuni kutoka nchi kadhaa huungana, wakaomba Brussels wao wenyewe, wakishinda wanapewa nafasi kumi au zaidi za wanafunzi. Halafu kila nafasi inatangazwa kama kazi. Unaomba kazi: wasifu, barua, matokeo, usaili kwa video. Wewe na Brussels hamkutani popote. Unaajiriwa kwa mkataba na mshahara, si posho ya mwanafunzi. Sharti la miezi 12 ndani ya 36 lipo palepale, na usiwe na uzamivu tayari. Tovuti ya kutafutia ni EURAXESS. Chuja kwa mada, weka taarifa za kila wiki, na soma tangazo mpaka chini kwa sababu wengine huweka swali dogo la kujibu ndani ya barua ili wajue nani kasoma.

Visa nayo haina balaa sana ukilinganisha na ya mwanafunzi. Sheria ya Umoja ya 2016 inaruhusu visa ya mtafiti kwa mkataba wa mapokezi kutoka chuo, na ukimaliza unapewa walau miezi tisa ya kutafuta kazi au kuanzisha biashara. Denmark na Ireland hazimo kwenye sheria hiyo, zina taratibu zao.

Tena msichanganye haya na Erasmus Mundus. Ile ni ya uzamili, inatoka mfuko wa elimu, nayo ina yuro 1,400 kwa mwezi. Nzuri, lakini ni mlango mwingine.

#9 MhasibuMkavu

Nimesoma mpaka hapa nikacheka. Wote mnaongelea kupata hela. Kuna anayejua kuitoa hesabu? Mimi ni mhasibu wa miradi kwenye taasisi moja ya utafiti hapa nyumbani, tumekuwa wabia kwenye miradi ya Horizon. Karibuni jikoni.

Moja. Hela haiji kwako kutoka Brussels. Inaenda kwa mratibu, mara nyingi chuo kikubwa cha Ulaya, yeye ndiye anayewagawia. Mratibu akilala, ninyi mnalala. Kuna mratibu mmoja alikaa na awamu yetu miezi kwa sababu kitengo chake cha fedha kilikuwa kinabadilisha mfumo. Huku madereva na wakusanya data wanataka chao kila tarehe 25.

Mbili. Hela yote haitoki hadi mradi ufungwe. Awamu za katikati haziwezi kuvuka asilimia 90 ya ruzuku, salio linakuja baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Taasisi isiyo na akiba inakopa au inaacha kulipa.

Tatu. Ubadilishaji wa fedha, hapa ndipo wengi wanakatwa. Ripoti ni kwa yuro. Huruhusiwi kutumia kiwango cha siku benki yako ilipobadilisha. Kama Benki Kuu ya Ulaya ingekuwa inachapisha kiwango cha shilingi yetu kila siku ungechukua wastani wa hicho. Haichapishi, ya Tanzania wala ya Kenya. Kwa hiyo unatumia wastani wa viwango vya kila mwezi vya Tume yenyewe kwa kipindi chote cha ripoti. Sasa shilingi ikiporomoka katikati ya kipindi, ulichotumia kwa shilingi na unachorudishiwa kwa yuro vinapishana. Mara unafaidi, mara unalia. Weka karatasi ya hesabu tangu mwezi wa kwanza.

Nne. Saa za kazi. Kila anayelipwa na mradi anatia saini kila mwezi tamko la siku alizofanyia mradi, na msimamizi wake anatia saini pia. Mwaka una siku 215 za kudai, hata kama wewe ni mchapakazi usiyelala. Kuna daktari wetu mmoja alikuwa kwenye miradi mitatu, kila mmoja ukidai asilimia 50 ya muda wake. Kwenye karatasi, jamaa alikuwa mtu mmoja na nusu. Nilimwita tukakaa jioni nzima na kalenda, zahanati siku hizi, safari ya uwandani siku hizi, mpaka akatosha kuwa mtu mmoja. Mkaguzi alipokuja alianza na jina lake.

Tano, zuri: gharama zisizo za moja kwa moja, umeme, ofisi, mlinzi, unapewa asilimia 25 juu ya gharama halali bila kuonyesha risiti hata moja. Hiyo ndiyo inayojenga taasisi. Na ndiyo ambayo wakubwa hutaka kununulia gari.

#10 MpwaWaUbelgiji

@MhasibuMkavu nimecheka kwenye "mtu mmoja na nusu" mpaka jirani kagonga ukuta. Niongeze tu kwamba siku hizi miradi mingi inahamia mfumo wa kitita: mnakubaliana bei ya kila fungu la kazi (sehemu ya mradi) mapema, mkilimaliza mnalipwa, bila kuonyesha risiti kwa Tume. Inapunguza hiyo kazi ya kalenda. Lakini fungu lisipokamilika hamlipwi sehemu hiyo, na kawaida anayechelewesha fungu ni mbia mmoja wakati wanaoumia ni wote.

#11 MhasibuMkavu

Kitita kizuri kwa Tume. Sheria za nchi yangu bado zinataka risiti, kwa hiyo mimi kalenda naendelea nayo.

#12 KichwaNgumu

Sawa, sasa nitoe la moyoni na msiniite mpinga maendeleo.

Nimekuwa msimamizi wa uwandani kwenye mradi mmoja wa kilimo wa hela hizi, sitaji jina. Andiko tuliletewa likiwa limekamilika, zimebaki siku kumi. Tukaombwa saini, hati ya usajili na "sentensi mbili kuhusu uwezo wenu". Kwenye bajeti ya milioni kadhaa, wabia wawili wa Afrika tulipata kiduchu. Kazi yetu: kukusanya udongo, kuhoji wakulima, kusafirisha. Uchambuzi wote kule. Makala zikatoka, sisi tuko katikati ya orodha ndefu ya majina. Mradi ukaisha, friji ya sampuli ikabaki, umeme wa kuiendesha ukabaki juu yetu.

Halafu tunaambiwa "Afrika inaruhusiwa kupewa hela". Inaruhusiwa, ndiyo. Wito wenyewe nani aliuandika? Waliokaa Brussels wakapanga kwamba mwaka huu tatizo ni hili.

#13 Maabara_Mkoani

@KichwaNgumu uliyosema yapo, na nimeyaonja. Lakini usifunge mlango wote kwa ajili ya chumba kimoja.

Upande wa afya kuna EDCTP, ulianza 2003, ni ubia wa nchi za Ulaya na za Afrika kwa ajili ya majaribio ya dawa na chanjo za malaria, kifua kikuu, UKIMWI na magonjwa yaliyosahauliwa. Awamu ya sasa Umoja wa Ulaya umeahidi hadi milioni 800. Tofauti yake ni kwamba nchi za Afrika zimo kwenye chama chenyewe kinachokaa mezani na Tume. Tanzania na Uganda ni wanachama. Na waratibu Waafrika wapo, wanaoshika bajeti na kuwagawia Wazungu. Nimeshakaa kwenye kikao ambacho profesa wa Ulaya anaulizwa na mhasibu wa Kiafrika kwa nini taarifa yake imechelewa. Ni raha ya aina yake.

Mfano wa kitu kilichozaliwa humo: praziquantel ya watoto. Kichocho tunakijua wote wa Kanda ya Ziwa. Dawa ilikuwepo miaka mingi, lakini kidonge ni kikubwa, kichungu, na watoto wa chini ya umri wa shule walikuwa wanaachwa nje ya kampeni. Muungano mmoja ukatengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji, arpraziquantel. EDCTP ilikuwa miongoni mwa wafadhili, jaribio la mwisho likafanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kuikubali. Hela ya utafiti ya Ulaya iliyofika kwenye kikombe cha mtoto wa ufukweni Ziwa Viktoria.

Kwa hiyo langu ni hili: usisaini andiko la siku kumi. Kataa. Sema hatuingii bila fungu la kazi tunaloliongoza sisi, na uchambuzi walau wa sehemu ufanyike hapa. Tena tuna fimbo ambayo hatuitumii. Bila kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), pamoja na cha NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) kwa mambo ya afya, hakuna mtafiti wa nje atakayefanya kitu Tanzania, na sampuli haitoki bila mkataba wa kuihamisha. Kenya wana NACOSTI. Mratibu anayejua kazi yake anaogopa hivyo vibali kuliko anavyoogopa wapitiaji.

#14 KichwaNgumu

Nakubali kwenye fimbo. Sikubali kwamba taasisi isiyo na hela ya mshahara wa mwezi ujao ina ubavu wa kukataa andiko la siku kumi. Mkurugenzi atasaini tu.

#15 Maabara_Mkoani

Hapo umenibana. Wa kwetu alisaini mara nyingi tu kabla ya kujifunza.

#16 Jaber_wa_Kisumu

Kuna wa kwetu pia wasisahaulike. Akademia ya Sayansi ya Afrika, AAS, iliyoko Nairobi, imeendesha mpango wa ARISE kwa hela ya Umoja wa Ulaya, milioni 25, kwa mfano wa ERC. Mtafiti anayejijenga anapata hadi yuro laki tano kwa miaka mitano, akae palepale chuoni kwake Afrika, na wazo analileta mwenyewe. Ilikuwa ni ya majaribio. Milioni 25 ukiiweka kando ya bilioni 16 za ERC utacheka, lakini umbo lake ndilo hasa analolidai KichwaNgumu.

#17 Chuma_Cha_Reli

Mimi nina kampuni changa Dar, tunatengeneza vihisi vya ubaridi vya magari ya kubebea samaki. Hiyo EIC ya bilioni 10 vipi? Nimeona milioni 2.5 bure.

#18 MpwaWaUbelgiji

Hapo nikukate mapema usipoteze muda, kaka. Ile ya kampuni, ruzuku hadi milioni 2.5 pamoja na mtaji juu yake, ni ya kampuni zilizosajiliwa ndani ya Umoja au nchi shirika. Dar haimo. Kuna washauri wanaokwambia ufungue kampuni Estonia kwa mtandao halafu uombe. Unaweza kusajili, ndiyo, lakini wanakuhoji uso kwa uso, na wakiona wahandisi wote, wateja wote na mashine zote ziko Dar, swali la kwanza litakuwa hilo.

Njia yako ni mbili. Ingia kama mbia kwenye mradi wa fungu la pili unaohitaji mahali pa kujaribia vihisi kwenye joto halisi na barabara halisi. Hilo unalo na wao hawana. Au tafuta miradi iliyokwisha kupata hela na inayogawa sehemu yake kwa kampuni ndogo kwa njia ya shindano, kiasi cha makumi ya maelfu ya yuro, fomu fupi. Soma masharti ya kila mmoja, baadhi yanaruhusu nje ya Ulaya, mengi hayaruhusu.

#19 Binti_Makunduchi

Hiyo "nchi shirika" nayo ni siasa tupu, watu wajue. Uingereza ilipotoka Umoja ilikaa nje ya Horizon Europe mpaka Januari 2024. Katikati hapo, mwaka 2022, watafiti waliokuwa Uingereza wakashinda ERC waliambiwa: hamia nchi ya Umoja na ruzuku yako au iache. Serikali yao ikawafidia waliobaki. Uswisi nayo, mazungumzo na Brussels yalipovunjika Mei 2021, ikawekwa nje miaka kadhaa pamoja na utajiri wake wote, hadi ikarudishwa kuanzia 2025. Na Hungary, ambayo ni mwanachama kabisa, vyuo vyake vingi vilivyowekwa chini ya mifuko ya udhamini vilifungiwa mikataba mipya Desemba 2022 kwa masuala ya utawala wa sheria. Kwa hiyo ukitafuta mwenyeji, angalia pia nchi yake ina hali gani na Brussels mwaka huo. Maskini mtafiti hakosi wazo, anakosa pasipoti ya chuo.

#20 Chuma_Cha_Reli

Nimeelewa wakuu, asanteni. Nikipata mradi wa kuingia kama mbia, nianze na nini? Sina hata namba ya usajili kwao.

#21 MpwaWaUbelgiji

Namba inaitwa PIC, tarakimu tisa, unaitoa mwenyewe kwenye tovuti ya Funding & Tenders kwa hati za usajili wa kampuni za BRELA na za kodi. Inatoka papo hapo, uhakiki wa hati unafanyika baadaye mradi ukishashinda. Toa leo, usisubiri mradi. Ni bure, na anayekudai hela akutolee anakuibia.

Na ukiwa hapo kwenye tovuti, wewe na wengine wenye uzoefu: jisajili pia kwenye orodha ya wataalamu wapitiaji. Uraia wowote unaruhusiwa. Wakikuita wanalipa yuro 450 kwa siku ya kazi, lakini faida kubwa si hiyo. Ukishasoma maandiko ya watu na kubishana na wapitiaji wenzako kwa nini hili ni 4 na si 4.5, la kwako utaliandika tofauti kabisa.

Jambo jingine la mbia: saa. Dirisha hufungwa saa kumi na moja kamili jioni ya Brussels. Majira ya joto ya huku hiyo ni saa kumi na mbili jioni ya Dar, majira ya baridi ni saa moja usiku. Oktoba huku saa zinarudishwa nyuma, huko hazibadiliki, na kila mwaka kuna mbia anapiga hesabu ya Septemba kwenye wito wa Novemba. Mwaka jana saa kumi na dakika arobaini mbia wetu mmoja wa Ulaya ya kusini alitaka kubadilisha jedwali la bajeti yake. Tulimgomea. Kwenye mfumo unaweza kutuma andiko mapema halafu ukalituma tena likiwa bora, la mwisho ndilo linalohesabiwa. Sisi huwa tunatuma la kwanza siku mbili kabla, hata likiwa na mapengo.

#22 Chuma_Cha_Reli

PIC nimeanza kuijaza sasa hivi. Wanauliza kama kampuni yangu ni "taasisi ya utafiti". Niweke ndiyo?

#23 MhasibuMkavu

Weka hapana, ndugu yangu. Na jina la kampuni liandike kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, nukta kwa nukta.